Mawasiliano ya Data baina ya Mashine Pepe na Kompyuta Mwenyeji kupitia Poti ya Mfululizo ya Kuigwa: Kinachohifadhiwa na Kinachopotea

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mashine pepe inavyobadilishana data na kompyuta mwenyeji kupitia poti ya mfululizo ya kuigwa. Mfano unaotumika ni programu ya QEMU ikisaidiwa na KVM katika mfumo endeshi wa Linux, kwenye vichakataji vya x86. Makala yanaanza na chipu halisi inayoigwa, yanafuata safari ya baiti moja kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji, kisha yanachunguza mwendo wa data, udhibiti wa mtiririko, mpangilio wa ujumbe na usalama. Hoja kuu ni kwamba poti ya kuigwa huhifadhi umbo la rejista za chipu lakini haihifadhi waya wala wakati. Kwa sababu hiyo, mgeni huoneshwa dalili za upande wa pili ambazo hazitokani na upande wa pili. Inahitimishwa kuwa mtafiti anayekusanya data kwa njia hii hana budi kujenga uhakika wake mwenyewe ndani ya itifaki, kwani poti yenyewe haiwezi kumpa.

Maneno makuu: mashine pepe, poti ya mfululizo, uigaji wa vifaa, udhibiti wa mtiririko, itifaki

1.0 Utangulizi

Mashine pepe ni kompyuta iliyojengwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Kompyuta inayobeba huitwa mwenyeji, na ile inayobebwa huitwa mgeni. Baina yao kuna ukuta uliowekwa kwa makusudi: mgeni haruhusiwi kusoma kumbukumbu ya mwenyeji wala kugusa vifaa vyake moja kwa moja. Gerald Popek na Robert Goldberg, katika makala yao ya mwaka 1974, walitaja sifa tatu za msimamizi wa mashine pepe. Kwanza, programu ya mgeni ifanye kazi kama ambavyo ingefanya katika mashine halisi. Pili, sehemu kubwa ya maagizo yake itekelezwe na kichakataji chenyewe bila kuingiliwa. Tatu, msimamizi abaki na mamlaka kamili juu ya rasilimali. Sifa ya tatu ndiyo inayoujenga ukuta, na sifa ya kwanza ndiyo inayodai kuwa ukuta huo usionekane.

Hata hivyo, mgeni asiyeweza kutoa wala kupokea neno hana manufaa. Njia za mawasiliano zilizopo ni nyingi: kadi ya mtandao ya kuigwa, diski ya kuigwa, folda za pamoja na poti ya mfululizo. Miongoni mwa hizo, poti ya mfululizo ndiyo sahili kuliko zote. Jina lake linatokana na namna biti zinavyopita katika waya halisi, moja baada ya nyingine kwa mfululizo. Poti hii hufanya kazi mapema sana wakati mgeni anapowaka, kabla ya mtandao kusanidiwa. Aidha, huendelea kufanya kazi pale keneli ya mgeni inapoanguka, kwa kuwa kutuma herufi moja huhitaji maagizo machache tu ya kichakataji. Ndiyo sababu imedumu hata katika mifumo ya kisasa. Firecracker, msimamizi mwepesi uliotolewa na Amazon mwaka 2018 kwa nia ya kupunguza vifaa vya kuigwa hadi vichache mno, bado una poti ya mfululizo. Huduma ya EC2 ya kampuni hiyohiyo iliwawezesha wateja kuzifikia poti hizo mwaka 2021.

Usahili huo una upande wake wa hatari. Mtafiti anayechunguza mfumo endeshi mara nyingi huielekeza poti ya mgeni kwenye faili la mwenyeji, akaendesha jaribio, kisha akalisoma faili kama ushahidi wa yaliyotokea. Ikiwa ujumbe fulani haumo, huhitimisha kuwa tukio halikutokea. Makala haya yanauliza: je, hitimisho hilo ni halali? Ili kulijibu swali hili, ni lazima kwanza kujua ni nini hasa kinachoigwa, na ni nini kinachoachwa.

2.0 Chipu Inayoigwa

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia chipu ya 8250 iliyotengenezwa na National Semiconductor kuendesha poti zake za mfululizo. Kazi ya chipu hiyo ni kupokea baiti nzima kutoka kwa kichakataji na kuituma biti kwa biti, na kufanya kinyume chake kwa data inayoingia. Mrithi wake mashuhuri, 16550A, aliongezewa foleni mbili za baiti 16 kila moja: moja ya kutuma na nyingine ya kupokea. Chipu hii ya pili ndiyo ambayo QEMU na wasimamizi wengine wengi huiiga.

Kwa mtazamo wa programu, chipu nzima ni anwani nane mfululizo. Poti ya kwanza huanzia anwani 0x3F8 na hutumia katizo namba 4. Poti ya pili huanzia 0x2F8 na hutumia katizo namba 3. Rejista zinazohusika na mjadala huu ni hizi zifuatazo:

Nafasi 0: ikiandikwa, hupokea baiti ya kutumwa, ikisomwa, hutoa baiti iliyopokelewa.
Nafasi 1: huruhusu au huzuia makatizo.
Nafasi 2: ikisomwa, hueleza sababu ya katizo, ikiandikwa, husimamia foleni.
Nafasi 3: huweka muundo wa herufi, yaani idadi ya biti na aina ya ukaguzi.
Nafasi 4: hutoa ishara kwa modemu, zikiwamo zile za utayari.
Nafasi 5: huonesha hali ya laini.
Nafasi 6: huonesha ishara zilizotoka kwa modemu.
Nafasi 7: ni ya akiba, haina athari yoyote katika mawasiliano.

Rejista ya hali ya laini ndiyo moyo wa mazungumzo. Biti yake namba 0 huwaka pale baiti inapokuwa imefika na inasubiri kusomwa. Biti namba 1 huwaka ikiwa baiti imepotea kwa sababu iliyotangulia haikusomwa kwa wakati. Biti namba 5 huwaka pale nafasi ya kutuma inapokuwa tupu.

Katika chipu halisi, mwendo wa laini hutokana na saa ya mizunguko milioni 1.8432 kwa sekunde. Namba hiyo hugawanywa kwa 16, kisha kwa kigawanyo anachokiweka mwandishi wa programu. Kigawanyo kikiwa 1, mwendo ni biti 115,200 kwa sekunde. Kwa kuwa kila baiti ya biti nane husindikizwa kwa kawaida na biti moja ya kuanzia na moja ya kukomea, baiti moja hugharimu biti kumi. Hivyo kiwango cha juu ni baiti 11,520 kwa sekunde. Namba hii itahitajika tena katika sehemu ya nne.

3.0 Safari ya Baiti Moja

3.1 Kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji

Tuseme keneli ya mgeni inataka kutuma herufi H, ambayo thamani yake ni 0x48. Kiendeshi cha poti husoma kwanza rejista ya hali ya laini ili kuhakikisha kuwa biti namba 5 inawaka. Kisha huweka namba ya anwani, 0x3F8, katika rejista DX ya kichakataji, huweka 0x48 katika rejista AL, na kutekeleza agizo la OUT. Katika kompyuta halisi, agizo hilo lingepeleka baiti kwenye chipu. Katika mashine pepe hakuna chipu.

Kinachotokea ni kwamba kichakataji hukataa kulikamilisha agizo. Vichakataji vya Intel vyenye uwezo wa VT-x, uliotoka mwaka 2005, humwachisha mgeni kazi papo hapo na kumrudishia udhibiti msimamizi. Tukio hili litaitwa hapa mtoko. Kichakataji huandika sababu ya mtoko, ambayo kwa maagizo ya kuingiza na kutoa data ni namba 30, pamoja na maelezo ya anwani iliyotajwa, ukubwa wa data na mwelekeo wake. KVM, iliyoingizwa katika keneli ya Linux tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007, huyasoma maelezo hayo. Kwa kuwa poti ya mfululizo si miongoni mwa vifaa ambavyo KVM huviiga yenyewe ndani ya keneli, kazi hupelekwa kwa QEMU, ambayo ni programu ya kawaida ya mtumiaji.

QEMU hutafuta anwani 0x3F8 katika orodha yake, hukuta kuwa ni ya kifaa cha mfululizo, na huita fomula ya programu inayoiga uandishi katika nafasi 0. Fomula hiyo huiweka baiti katika foleni ya kuigwa na kuikabidhi kwa kiungo cha upande wa mwenyeji. Kiungo chaweza kuwa faili, soketi, terminali bandia, muunganisho wa TCP, au hata poti halisi ya mwenyeji. Katika Windows, programu za VMware, VirtualBox na Hyper-V huweza kuiunganisha poti ya mgeni na bomba lenye jina, ambalo programu nyingine ya mwenyeji hulifungua kama inavyofungua faili. Baada ya baiti kuandikwa kwenye kiungo, QEMU humrudisha mgeni kazini. Kwa mgeni, agizo la OUT limekamilika kama kawaida. Hakuna alichokiona.

3.2 Kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni

Safari ya kurudi huanzia kwenye programu ya mwenyeji inayoandika katika soketi au bomba. QEMU huamshwa na mfumo endeshi wa mwenyeji, lakini haichukui baiti mara moja. Huiuliza kwanza poti ya kuigwa ikiwa ina nafasi. Ikiwa ipo, baiti huingizwa katika foleni ya kupokea, biti namba 0 ya rejista ya hali ya laini huwashwa, na katizo namba 4 huinuliwa iwapo mgeni ameliruhusu. KVM humfikishia mgeni katizo hilo. Kiendeshi cha mgeni husoma sababu ya katizo, husoma hali ya laini, kisha husoma baiti yenyewe. Kila usomaji ni agizo la IN, na kila agizo la IN ni mtoko mwingine.

Maelezo haya yanadhihirisha jambo la msingi. Kinachoigwa ni tabia ya rejista pindi zinaposomwa au kuandikwa. Waya, umeme, na muda ambao biti huuchukua kusafiri havimo.

4.0 Mwendo: Namba Isiyo na Maana na Gharama Isiyoonekana

Mgeni huweka kigawanyo cha mwendo kama ambavyo angefanya katika mashine halisi. QEMU hukihifadhi na kukitumia kukadiria baadhi ya muda, mathalani muda wa kungoja kabla ya kumjulisha mgeni kuwa foleni ya kupokea ina mabaki. Lakini haikitumii kuchelewesha utumaji. Mgeni aliyeweka biti 9,600 kwa sekunde na yule aliyeweka 115,200 hutuma kwa kasi ileile, isipokuwa pale ambapo kiungo ni poti halisi ya mwenyeji yenye waya wa kweli.

Badala ya waya, kinachopunguza kasi ni mitoko. Tuchukue data ya megabaiti moja, yaani baiti 1,048,576. Katika laini halisi ya biti 115,200, data hiyo ingechukua takribani sekunde 91. Katika poti ya kuigwa, kiendeshi cha kawaida huandika kila baiti kwa agizo lake, na hukagua hali ya laini angalau mara moja kwa kila baiti 16 zinazojaza foleni. Hesabu inatoa mitoko 1,048,576 ya uandishi na isiyopungua 65,536 ya ukaguzi, jumla 1,114,112. Kila mmoja unahusisha kumtoa mgeni kazini, kupita katika keneli ya mwenyeji, kuingia QEMU na kurudi. Data hufika mapema kuliko katika waya, lakini kichakataji cha mwenyeji hulipa gharama ambayo chipu halisi ingeibeba yenyewe.

Tofauti hii ya wakati imewahi kujitokeza waziwazi katika keneli ya Linux. Kiendeshi cha 8250 kina kikomo cha idadi ya mizunguko kinayoruhusiwa kufanya katika katizo moja, kwa dhana kwamba chipu halisi haiwezi kuwa tayari mara kwa mara bila kupumzika. Poti ya kuigwa haina cha kupumzikia: foleni ikijazwa humwagwa papo hapo, na chipu hujitangaza kuwa tupu tena. Hivyo wageni wanaotoa maandishi mengi walikuwa wakiandika onyo kuwa kazi ya katizo namba 4 imezidi, ilhali hakuna kifaa kilichoharibika. Kiendeshi kilikuwa sahihi, na uigaji wa rejista ulikuwa sahihi. Kilichovunjika ni dhana ya wakati iliyokuwa imejificha baina yao.

Kwa kazi zinazohitaji data nyingi, njia inayofaa ni virtio, ambayo Rusty Russell aliieleza mwaka 2008. Katika mpangilio huo mgeni anajua kuwa yumo ndani ya mashine pepe. Huweka maelezo ya vipande vikubwa vya data katika kumbukumbu ya pamoja, kisha hutoa taarifa moja kwa vipande vyote. Poti ya mfululizo ya aina ya virtio inaweza kupitisha maelfu ya baiti kwa mtoko mmoja. Hata hivyo, inahitaji kiendeshi chake kiwe kimepakiwa na keneli ya mgeni iwe katika hali nzuri. Pale ambapo keneli inaanguka, au mgeni ni mfumo endeshi mchanga unaoandikwa na mwanafunzi, poti ya 16550A ndiyo inayobaki.

5.0 Udhibiti wa Mtiririko: Dalili Zisizotoka Upande wa Pili

Katika laini halisi, pande mbili hujulishana utayari kwa nyaya maalumu. Kifaa kisichoweza kupokea hushusha ishara yake, na mtumaji huiona katika rejista ya ishara za modemu, nafasi 6. Katika QEMU, poti ya kuigwa isiyounganishwa na poti halisi huanza na ishara tatu zikiwa zimewashwa: kuwapo kwa laini, utayari wa kifaa, na ruhusa ya kutuma. Ishara hizo hazimtazami msomaji wa upande wa mwenyeji. Mgeni huambiwa kuwa mwenzake yupo na yuko tayari hata kama hakuna aliyewahi kuifungua soketi.

Matokeo yake yanatofautiana kwa mwelekeo wa data. Kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni, hali ni salama: kwa kuwa QEMU huuliza nafasi kabla ya kuchukua baiti, data isiyosomwa hungoja katika bafa ya soketi, na hatimaye mwandishi wa upande wa mwenyeji husimamishwa. Kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji, kuna hali tatu zinazopaswa kutenganishwa.

Hali ya kwanza ni pale ambapo hakuna msomaji. Ikiwa kiungo ni soketi au terminali bandia ambayo hakuna programu iliyojiunga nayo, baiti hutupwa. Mgeni haambiwi. Vivyo hivyo, kiungo kikiwa faili na diski ya mwenyeji ikajaa, uandishi hushindikana na baiti hupotea, huku biti namba 5 ikiendelea kumwambia mgeni kwamba kila kitu kimetumwa.

Hali ya pili ni pale ambapo msomaji yupo lakini ni mzito, na mtumaji ni programu ya kawaida ndani ya mgeni. Bafa za mwenyeji zikijaa, QEMU huahirisha utumaji na biti namba 5 hubaki imezimwa. Kiendeshi cha mgeni hungoja katizo la kuwa nafasi imepatikana, na programu husimama. Data huchelewa lakini kwa kawaida haipotei.

Hali ya tatu ndiyo yenye mtego. Ujumbe wa keneli yenyewe, ukiwamo ule wa kuanguka kwake, haungoji katizo. Keneli hukagua biti ya nafasi mfululizo, lakini kwa kikomo cha takribani milisekunde 10 kwa kila ngojo, kwani keneli inayokufa haiwezi kusubiri milele. Kikomo kikifika, huandika baiti inayofuata hata kama nafasi haijapatikana. Foleni ya kuigwa ikiwa imejaa, QEMU huondoa baiti ya zamani zaidi ili kuipisha mpya. Kwa hiyo ujumbe ambao mtafiti anauhitaji kuliko wote, ule wa dakika ya mwisho, ndio ambao poti haiuhakikishii usalama msomaji anapochelewa.

Jibu la swali la utangulizi linapatikana hapa. Kutokuwapo kwa ujumbe katika faili la mwenyeji si ushahidi kwamba ujumbe haukutolewa. Hali ya kuwa na msomaji, ya kutokuwa naye, na ya diski kujaa zote huweza kuonekana sawa machoni pa mgeni. Mtafiti anaweza kupunguza hatari kwa hatua mbili za usanidi. Ya kwanza ni kuiagiza QEMU ingoje msomaji ajiunge na soketi kabla ya kumwasha mgeni. Ya pili ni kuweka nakala ya maandishi yote katika faili la ziada la kiungo, ambalo huandikwa hata kama hakuna aliyejiunga. Hatua hizi husaidia, lakini hazigeuzi poti kuwa njia yenye uhakika.

6.0 Mpangilio wa Ujumbe

Poti ya mfululizo hupitisha baiti, si ujumbe. Haijui mwanzo wala mwisho wa kauli. Aidha, katika Linux baiti hazimfikii mtumiaji zikiwa ghafi, kwani hupita katika tabaka la terminali lililokusudiwa kwa binadamu anayechapa. Kwa mipangilio ya kawaida, tabaka hilo huongeza herufi ya kurudi mwanzo kabla ya kila mstari mpya unaotoka, hurudisha kwa mtumaji kila herufi inayoingia, huzishika herufi hadi mstari ukamilike, na huitafsiri baiti 0x03 kuwa amri ya kuikatiza programu. Udhibiti wa mtiririko kwa programu ukiwashwa, baiti 0x11 na 0x13 nazo humezwa. Mtu anayetuma picha au faili lililobanwa bila kuiweka terminali katika hali ghafi atapokea data iliyoharibika na kuudhania ubovu wa mashine pepe. Mtego wa namna hiyo upo pia kwa mwenyeji: poti ikiunganishwa na terminali moja pamoja na dirisha la amri za QEMU, baiti 0x01 huchukuliwa kuwa ni wito wa dirisha hilo na haimfikii mgeni kama ilivyotumwa.

Tatizo la mipaka ya ujumbe lilishughulikiwa zamani na itifaki ya SLIP, iliyoandikwa katika RFC 1055 ya mwaka 1988. Katika itifaki hiyo, baiti 0xC0 huashiria mwisho wa pakiti. Baiti hiyo ikitokea ndani ya data, hubadilishwa kuwa jozi ya 0xDB na 0xDC. Na 0xDB yenyewe huwa 0xDB na 0xDD. Kwa njia hii alama ya mwisho haiwezi kuchanganywa na data. Lakini SLIP haina ukaguzi wa makosa, na kwa poti ya kuigwa ukaguzi unahitajika, kwa kuwa upotevu wa baiti hauripotiwi na tabaka la chini.

Mfano wa kisasa ni wakala wa mgeni wa QEMU, programu inayokaa ndani ya mgeni na kutekeleza amri za mwenyeji zilizoandikwa kwa JSON. Wakala huyu hutumia kwa kawaida poti ya virtio, ingawa anaweza pia kutumia poti ya mfululizo ya kawaida. Wabunifu wake walikabiliwa na swali hili: mteja mmoja wa mwenyeji akikatika katikati ya amri, mteja wa pili atajuaje kuwa jibu analolisoma ni lake? Suluhisho lao ni amri ya kulinganisha. Mteja hutanguliza baiti 0xFF, ambayo haiwezi kuwamo katika maandishi halali ya UTF-8, hivyo mabaki ya amri iliyokatika hutupwa. Kisha hutuma namba aliyoichagua, naye wakala hurudisha 0xFF ikifuatwa na namba hiyohiyo. Chochote kilichotangulia 0xFF ni mabaki ya mazungumzo ya zamani.

Kutokana na mifano hii, itifaki ya kukusanyia data za utafiti inapaswa kuwa na vitu vitano: alama ya mpaka isiyoweza kutokea ndani ya data, urefu wa ujumbe, namba ya mfuatano, namba ya ukaguzi wa makosa, na jibu la kukiri kupokea. Namba ya mfuatano ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa mtafiti. Ujumbe wa 41 ukifuatwa na wa 43, pengo linaonekana na linaweza kuripotiwa katika matokeo. Bila namba hiyo, pengo na ukimya wa kawaida havitofautishiki.

7.0 Usalama

Poti ni tundu katika ukuta ulioelezwa katika utangulizi, na kila kinachopita humo kutoka kwa mgeni kinapaswa kuhesabiwa kuwa hakiaminiki. Hatari zake ni za aina tatu.

Ya kwanza imo katika msimbo wa uigaji wenyewe. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa namba CVE-2015-3456 na kuitwa VENOM. Ilihusu uigaji wa kidhibiti cha diski laini katika QEMU. Mgeni aliweza kuandika kupita mpaka wa bafa ndani ya programu ya mwenyeji, hata pale ambapo msimamizi hakuwa na haja yoyote ya diski laini. Poti ya mfululizo haikuhusika, lakini funzo linaihusu: kifaa cha kale kinachoigwa ni msimbo unaopokea data kutoka kwa mtu asiyeaminika.

Ya pili ni kumaliza rasilimali. Mgeni anaweza kuandika bila kikomo, na kiungo kikiwa faili, diski ya mwenyeji hujaa. Kwa sababu hiyo hati za Firecracker hushauri kwamba katika mazingira ya uzalishaji poti ya mfululizo izimwe, au matokeo yake yapelekwe mahali penye kikomo cha ukubwa.

Ya tatu ni ya pande zote mbili za kiungo. Maandishi ya mgeni yakisomwa moja kwa moja katika terminali ya mwenyeji, mifuatano inayoanza na baiti 0x1B huweza kubadili mwonekano wa terminali na kumpotosha msomaji. Kwa upande mwingine, poti inayotoa nafasi ya kuingia kwa jina na nywila ni sawa na kibodi ya mgeni: anayeifikia soketi ameifikia mashine. Kiungo cha TCP kisichosimbwa wala kuwekewa ulinzi huifungulia kibodi hiyo mtandao mzima. Soketi ya ndani ya mwenyeji, yenye ruhusa za faili zilizobanwa, ni chaguo bora.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba poti ya mfululizo ya kuigwa hutimiza kwa uaminifu sharti la rejista: kila agizo la IN au OUT hupata jibu ambalo chipu ya 16550A ingeweza kulitoa. Hata hivyo, katika chipu halisi majibu hayo yalikuwa na maana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na waya, saa na kifaa cha pili. Uigaji umeyabakiza majibu na kuviondoa vitu hivyo. Ndiyo maana kigawanyo cha mwendo huandikwa lakini hakichelewishi, ishara ya utayari huwaka lakini haimtazami msomaji, na nafasi ya kutuma huonekana tupu hata pale data ilipotupwa.

Hili halipunguzi thamani ya poti hiyo kama dirisha la kumtazamia mgeni anayewaka au anayeanguka. Linaweka tu mpaka wa kile kinachoweza kudaiwa kwa kuitegemea. Tasnifu inayotumia maandishi ya poti kama data inapaswa kueleza aina ya kiungo kilichotumika, iwapo msomaji alikuwa amejiunga kabla ya mgeni kuwaka, na iwapo kila ujumbe ulikuwa na namba ya mfuatano na ukaguzi wa makosa. Mtahini naye ana haki ya kuyauliza hayo. Pale yanapokosekana, faili la mwenyeji linathibitisha yaliyomo ndani yake tu, na halithibitishi lolote kuhusu yasiyokuwamo.